Subaru Impreza WRX ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu shokapu, springi na miguu ya gari

Naendesha Impreza WRX ya 2005, umbo la GD, hapa Dar es Salaam. Asubuhi ni Barabara ya Bagamoyo kwenda mjini, jioni kurudi, na mara chache kwa mwaka ni safari ya Moshi. Gari ni hilohilo moja kwa kazi zote. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wenye magari kama langu, gerejini na kwenye foleni ya kuosha magari. Nimeyajibu kwa ajili ya mtu anayetaka WRX impeleke kazini bila kumuumiza mgongo, na bado ishike barabara anapokata kona. Wa mashindano ana mahitaji yake mengine.

WRX yangu ni ngumu kama mkokoteni. Si ndivyo magari ya spoti yalivyo?

Hapana. WRX ilipotoka kiwandani haikuwa ngumu kiasi hicho. Umbo la GD lilitengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, kwa hiyo hata la mwisho kabisa limeshazeeka. Nchini Kenya hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, maana yake GD zilizopo Nairobi zimekuwa zikikanyaga mashimo ya kwetu kwa muda mrefu. Za Tanzania ni hivyohivyo. Raba za ndani zimekauka na kupasuka, shokapu zimebadilishwa mara mbili tatu kwa chochote kilichopatikana siku ile, na pengine mwenye gari wa kwanza kule Japani alishafunga springi fupi ambazo wewe huzijui.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, ingia chini ya gari na fundi, mwangalie mna nini. Wengi wanaotaka kuboresha gari, wanachohitaji kwanza ni kulirudisha lilivyokuwa. Gari likisharudi katika hali yake, nusu ya watu hao hawaongezi kitu kingine, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa mwaka mzima.

Nitajuaje kama shokapu zimekufa?

Ile ya kubonyeza boneti kwa mikono na kuhesabu gari linadunda mara ngapi inasaidia tu pale shokapu zilipokufa kabisa. Shokapu hufa polepole, na dereva huzoea polepole vilevile. Dalili ninazoziamini ni hizi: gari linaelea ukipita mawimbi ya lami kwa kasi ya barabara kuu, ukifunga breki pua inazama na inachelewa kuinuka, gurudumu linatetemeka juu ya rasta badala ya kupita juu yake, na tairi linalika kwa mabondebonde. Hiyo ya tairi pitisha kiganja juu yake, utaisikia kabla hujaiona.

Kisha tazama kopo lenyewe. Ukungu mwembamba wa mafuta juu karibu na fimbo si kitu cha kukutisha. Langu la mbele kushoto lilikuwa na matope meusi yaliyoganda kuanzia kwenye sili hadi kwenye bolti za chini, na nilipofuta kwa kitambaa, baada ya siku mbili lilikuwa limelowa tena. Hilo halina mjadala.

Hela yangu ni kidogo. Nianze wapi?

Anza na upepo wa tairi. Nasema kweli kabisa. Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachosema upepo wa mbele na wa nyuma. Pima tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla hujatembea. Vituoni kwetu watu wanajaza 40 psi eti tairi lisipasuke shimoni, halafu wanalalamika shokapu.

Kinachofuata ni raba na viungo: bushi za amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), linki za stabilaiza (ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), boljointi, tairodi. Kwenye GD bushi ya kuangalia zaidi ni ile kubwa ya nyuma ya amu ya chini ya mbele, ambayo ndani ina kimiminika cha kumeza mtetemo. Ikipasuka utaona weusi wa mafuta umechirizika pale, na usukani utaanza kuwa mzito wa kujibu, gari likisogea kidogo kila ukikanyaga au kuachia breki. Linki za stabilaiza za kiwandani zina mwili wa plastiki na hazidumu kwenye matuta. Kelele nyingi za "ko-ko-ko" watu wanazodhani ni shokapu zinatoka hapo.

Shokapu zije baada ya hapo, na zije mbilimbili, yaani mbele zote au nyuma zote. Usifunge moja upande wa dereva ukaacha nyingine. Na mnapofungua, badilisheni pia mauntingi ya juu (kishikio cha shokapu kwenye mwili wa gari), kikinga vumbi, na kile kiraba cha ndani kinachozuia shokapu isigonge mwisho. Kiraba hicho ni cha bei ndogo na karibu kila GD niliyoona ikifunguliwa kilikuwa kimesagika, kimebaki unga. Shokapu mpya bila kiraba hicho itakufa mapema kwenye tuta la kwanza utakaloliona umechelewa.

Nilifunga bushi mpya, zikakatika baada ya miezi michache. Niliuziwa feki?

Inawezekana. Lakini kuna kosa moja la ufungaji ambalo linaua hata bushi halisi za Subaru, na kwa kuwa nimelilipia mwenyewe nitalieleza taratibu.

Bushi ya raba imegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na la nje. Haizunguki kama bearingi; amu inapopanda na kushuka, raba inajisokota kidogo kisha inarudi. Ukikaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa palepale lilipo. Sasa fundi amepandisha gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, amu imeelekea chini kabisa. Akikaza hapo, raba imekaa sawa gari likiwa hewani. Ukishusha gari chini, raba inajisokota na inabaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukikanyaga shimo inajisokota zaidi ya uwezo wake. Ndiyo inakatika.

Nilikuwepo zilipofungwa zangu. Gereji ilikuwa safi, vifaa vizuri, na fundi alikuwa na haraka. Alikaza kila bolti kwa mashine ya upepo gari likiwa juu, akanipigia kofi begani: "Bosi, imeisha hiyo." Baada ya miezi minne raba ilikuwa imechanika duara zima. Za pili nilifunga na fundi mwingine, mzee wa Ilala. Aliingiza bolti zote, akazikaza kwa mkono tu, akaweka mbao nene chini ya magurudumu ili apate nafasi ya kupita, akalishusha gari lote juu ya mbao hizo, akalidundisha mara tatu nne likae, kisha akalala chini na kukaza ya mwisho. Ilichukua dakika ishirini zaidi. Bushi hizo zimemaliza mwaka wa tatu.

Kwa hiyo ukienda gereji yoyote, sema neno hili kabla hawajaanza: bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Fundi anayelijua atatikisa kichwa kukubali. Akibisha, peleka gari kwingine.

Shokapu ipi ninunue?

Kwa springi za kiwandani na barabara zetu, KYB ya aina ya Excel-G inatosha watu wengi. KYB ni kampuni ya Japani ambayo pia imetengenezea Subaru shokapu za kiwandani, na Excel-G ni ya mabomba mawili yenye gesi, laini mwanzoni mwa mwendo. Ubaya wake ni kwamba jina hilo linaghushiwa sana. Nunua kwa muuzaji anayekuandikia risiti yenye namba ya spea na anayekubali kuipokea ikivuja, hata kama jirani yake pale Kariakoo anauza nusu bei.

Ukitaka kupanda ngazi, Bilstein ya Ujerumani ni ya bomba moja lenye gesi ya mgandamizo mkubwa. Inastahimili joto vizuri kwenye barabara mbovu ndefu, pale ambapo mafuta ya shokapu ya kawaida huchanganyika na hewa na kuanza kutoa povu. Ila angalia herufi: B6 ni ya springi za urefu wa kiwandani, B8 ni fupi na ni ya magari yaliyoshushwa. Nimeona mtu amefunga B8 na springi za kawaida kisha akashangaa gurudumu linagonga kila linaposhuka. Koni ya Uholanzi nayo ni nzuri na unaweza kurekebisha ukakamavu wake, lakini baadhi ya zile za Impreza ni za kuingizwa ndani ya kopo la shokapu ya zamani. Kopo linakatwa, linamwagwa mafuta, linatobolewa chini. Kazi hiyo haifai kupewa kila fundi.

Na koilova?

Koilova ni seti ya shokapu na springi yake ambayo urefu wake unarekebishika. Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, kwa hiyo nitaweka hesabu mezani.

Springi za kiwandani za WRX huwa karibu na kilo 3 au 4 kwa milimita, yaani ukiiwekea kilo 4 inabonyea milimita moja. Koilova nyingi za Japani na Taiwan huja na springi za mbele za kilo 7 au 8. Gurudumu la mbele la WRX linabeba takriban kilo 400. Kwa springi ya kilo 4, uzito huo unaibonyeza milimita 100. Kwa ya kilo 8, milimita 50.

Sasa fikiria shimo. Gurudumu linapofika ukingoni, springi ndiyo inayolisukuma lishuke kufuata chini. Ile laini ina milimita 100 za kusukuma kabla nguvu haijaisha. Ngumu ina 50 tu. Baada ya hapo tairi haligusi kitu kwa nguvu yoyote, na mwili wa gari ndio unaolifuata shimoni. Ndiyo maana gari lenye koilova ngumu linaruka kwenye barabara ya viraka, na kwa kuwa tairi limeachia lami, hapo hata kona halikati vizuri. Kwenye lami laini kama kitambaa koilova hiyo itakushinda kwa mbali. Kwenye barabara niipitayo mimi, gari laini lenye shokapu nzima linaipita.

Ukiangalia kwa mdundo wa mwili wa gari, springi ya kilo 4 inakupa kama mara 1.6 kwa sekunde, ya kilo 8 inakupa 2.2. Namba ya kwanza ni gari la spoti ambalo mtoto anaweza kulala ndani yake. Ya pili, hapana.

Kama bado unataka koilova, agiza zenye springi za kilo 4 au 5, na zile ambazo urefu wake unarekebishwa kwa kuzungusha kopo la chini bila kugusa springi, ili usipoteze mwendo wa shokapu. Na uwe tayari kuosha nyuzi zake kila baada ya matope. Vumbi jekundu la Dodoma likichanganyika na maji na kukauka, zile nati za kurekebishia hazitafunguka tena.

Nikilishusha kidogo tu, sentimita tatu?

WRX ya kiwandani ina takriban milimita 150 chini. Toa 30, kisha weka watu wanne na mizigo. Matuta yetu mengi hayana vipimo rasmi, na kinga ya injini itakuwa ya kwanza kuyapima. Sishauri.

Basi nilinyanyue? Spesa, raba za springi, au shokapu za Forester?

Raba zile za kupachika katikati ya mizunguko ya springi ziache kabisa. Zinafanya mizunguko kadhaa isifanye kazi, springi inakuwa ngumu bila mpangilio, na mahali raba inapobana ndipo springi hukatika.

Spesa za alumini juu ya mauntingi zinanyanyua gari bila kubadilisha ulaini. Milimita 20 ni sawa. Ukizidi 30, eksoli zinafanya kazi kwa pembe kali na zile buti zake za raba hupasuka, na kwa kuwa shokapu ni ileile, gurudumu sasa linaning'inia chini zaidi kuliko viungo vilivyokusudiwa.

Ninachokipenda ni shokapu na springi za Forester ya umbo la SG, iliyotengenezwa kuanzia 2002. Ni ndugu wa damu wa GD: mbele na nyuma zote ni za aina moja ya muundo, na bolti zinaingia. Forester inasimama karibu milimita 200 kutoka chini. Chukua seti nzima ya gari moja, shokapu, springi na mauntingi, wala usichanganye springi za Impreza na shokapu za Forester. Utapata mwendo mrefu wa gurudumu, ulaini, na gari litainama zaidi kidogo konani. Ukinunua za mtumba, epuka zile za nyuma zinazojisawazisha zenyewe kulingana na mzigo, kwani zikifa ni ghali na springi zake ni za pekee.

Wapo wanaoona aibu kunyanyua WRX. Nawakumbusha Safari Rally. Colin McRae aliishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza, na magari yale ya Safari yalikuwa yameinuliwa juu na kupewa mwendo mrefu wa shokapu kuliko yale ya mbio za lami. Timu ile ilikuwa na uwezo wa kufunga chochote duniani, na kwa barabara za Kenya ilichagua kwenda juu.

Stabilaiza nene ya nyuma inasaidia?

Ndiyo, na kwa gari lililonyanyuliwa ndiyo pesa inayoonekana haraka. WRX ina tabia ya kutaka kwenda moja kwa moja unapoiingiza konani kwa kasi. Stabilaiza ya nyuma inapunguza hilo. Ugumu wa fimbo hukua haraka kuliko unene wake: kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la karibu asilimia 46. Ishia hapo. Fimbo inayaunganisha magurudumu mawili, kwa hiyo shimo la upande mmoja linatikisa na upande wa pili, na vichwa vya abiria vinayumba. Badilisha na linki zake ziwe za chuma.

Rimu za 18 zinaharibu?

Zinaharibu. Tairi la 215/45R17 lina ukuta wa milimita 97. La 225/40R18 lina 90. Ukienda kinyume, 205/55R16 lina 113, na kipenyo kizima kinatofautiana na cha 17 kwa milimita 7 tu, hivyo spidi mita haipotoki kwa kiasi cha kukusumbua. Rimu nyingi za 16 zinapita juu ya breki za WRX ya kawaida, lakini jaribu kabla ya kulipa. STI, yaani ile WRX kali zaidi, yenye breki za Brembo inahitaji 17. Kwangu, kuhama kutoka 17 kwenda 16 kulibadilisha gari kuliko spea nyingine yoyote ya bei hiyo.

Nimepata shokapu za STI za mtumba kutoka Japani, bei nzuri.

Za umbo la GD zimegeuzwa juu chini: mwili mnene uko juu, unateleza ndani ya kopo lenye grisi. Ni imara sana dhidi ya kupinda. Grisi ikikauka zinagonga, na watu huzitupa kumbe zilihitaji kufunguliwa, kuoshwa na kupakwa grisi upya. Lakini ni ngumu kuliko za WRX. Kwa starehe, ziache.

Bushi za poliyurethani?

Kwenye stabilaiza, weka. Kwenye amu za chini, mtetemo wote wa lami utaupata kwenye usukani, na vumbi likiingia zinalia. Mimi nimebaki na raba.

Alaimenti niwaambie namba gani?

Kwa matumizi ya kila siku, magurudumu ya mbele yalale kwa ndani upande wa juu nusu digrii hadi digrii moja, kushoto na kulia sawa, na uelekeo wa mbele uwe sifuri, yasitazamane wala kutengana. Kinachokula tairi ndani kwa kasi ni uelekeo, kuliko ule mlalo. Nyuma, kiwanda hakikuweka njia ya kurekebisha mlalo, ila uelekeo unarekebishika, kwa hiyo usikubali kuambiwa "nyuma haipimwi".

Na kabla fundi hajafungua shokapu za mbele, achore alama ya rangi kwenye bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika kitovu cha gurudumu. Kichwa chake hakijakaa katikati; ndiyo inayorekebisha mlalo. Asipoweka alama, utaendesha hadi kwenye mashine ya alaimenti gari likikuvuta upande.

Gari langu ni umbo la GH au GR. Haya yote yananihusu?

Mengi. Tofauti kubwa ni nyuma: kuanzia umbo la 2007 muundo wa nyuma ni wa amu mbili, kwa hiyo shokapu za nyuma za GD haziingii, wala za Forester ya SG. Kwa starehe umeshaanza mbele yangu.

Nimeshafunga kila kitu. Kuna la kuangalia baadaye?

Subiri springi zikae kabla ya alaimenti, kama wiki moja ya matumizi ya kawaida. Baada ya kilomita 500 hivi rudi ukaguliwe bolti zote zilizofunguliwa, hasa za linki na nati ya juu ya shokapu. Zima redio, shusha vioo, pita taratibu kwenye barabara ya changarawe ukizungusha usukani kushoto na kulia. Ukisikia "tik" moja kila unapogeuza, mara nyingi ni springi haijakaa kwenye kisahani chake au mauntingi imefungwa upande. Rudi siku hiyohiyo, usiizoee.